Mgongo wa Mzee Mpira

Asubuhi hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili aliingia kwenye chumba cha mazoezi cha chuo cha uuguzi, akasimama kando ya kitanda, akafumbata mikono nyuma ya mgongo na kuanza kumhudumia mgonjwa.

"Nimenawa mikono," alisema. "Nimevaa glavu. Nimejitambulisha kwa mgonjwa. Nimefunga pazia. Nimeomba ridhaa, na mgonjwa amekubali."

Mgonjwa alikuwa mdoli wa plastiki mwenye ukubwa wa mtu mzima, kifua kinachopanda na kushuka kwa pampu, macho ya kufumba na kufumbua, na mdomo ulioachwa wazi kidogo kama wa mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Wanafunzi walimwita Mzee Mpira. Pazia lilikuwa wazi. Bomba la chumba kile lilikuwa kavu tangu enzi za mkuu wa chuo aliyepita, na glavu zilifungiwa kabatini zisije zikaisha.

Nyuma ya kioo cheusi, ndani ya kijichumba chenye joto, alikaa Mkufunzi na kipaza sauti chake. Yeye ndiye aliyekuwa sauti ya Mzee Mpira. Aliguna, alikohoa, aliomba maji, alimwita mama yake. Mkufunzi hakuwa mtu wa kujisifu, ila pale alipokosa wa kumsifia, na kuhusu kuguna alijisifu bila haya. Alikuwa na mguno wa figo, mguno wa mfupa uliovunjika, na mguno wa uzazi ambao aliutumia siku za Alhamisi, Mzee Mpira anapobanduliwa kiungo chake cha kiume na kufungwa kitambaa kichwani awe mama mjamzito. Mke wake alikuwa amemkataza kuifanyia mazoezi miguno hiyo nyumbani kwa sababu ya majirani.

Utaratibu wa kusema badala ya kutenda ulikuwa wake pia. Ulianza zamani, siku darasa lilipojaa mpaka mlangoni na maji yakakatika katikati ya mtihani wa vitendo. Mwanafunzi alisimama na sabuni mkononi, hajui aende wapi, na Mkufunzi akainamia kipaza sauti akamwambia, "Sema tu, tutaelewana." Mwanafunzi akasema, wakaelewana. Siku ya pili maji yalirudi, lakini kwa kuwa kusema kulikuwa kwepesi na kunawa kunalowesha mikono, hakuna aliyerudi nyuma, wala aliyejali bomba lilipokuja kukauka kabisa. Mkufunzi aliliandalia jambo hilo mada, akaiwasilisha kwenye mkutano wa wakufunzi, akapigiwa makofi na kupewa mkoba wenye nembo. Mkoba huo aliubeba kila mahali hadi mpini ukakatika, kisha akaubeba kwapani.

"Nimemgeuza mgonjwa ubavu wa kushoto," alisema mwanafunzi.

"Hujanigeuza," alisema Mzee Mpira.

Mwanafunzi alikuwa amefundishwa kutobishana na mgonjwa. "Pole, babu. Nimekugeuza."

"Sawa," alisema Mzee Mpira. "Lakini mgongo unauma."

Mkufunzi alitazama kipaza sauti. Kilikuwa kimezimwa, na yeye mwenyewe alikuwa na mkate mdomoni. Aliutafuna polepole huku akifikiri. Kilichomchoma hasa ni kwamba sauti ile ilikuwa nzuri. Haikutia chumvi, haikuvuta maneno, haikumwita mama yake. Ilisema mgongo unauma, na ukiisikia unaujua mgongo wenyewe. Miaka yote hiyo ya kuguna, na plastiki imemshinda siku ya kwanza.

Wanafunzi walipotoka alikwenda kitandani, akamsukuma Mzee Mpira mpaka akalala kifudifudi, akainua gauni lake la wagonjwa. Pale chini, uti wa mgongo unapoishia, palikuwa na kidonda. Hakikuwa mpasuko wa plastiki. Kilikuwa kidonda cha mtu aliyelala chali muda mrefu bila kugeuzwa, chekundu pembeni na cheusi katikati, na kilikuwa na harufu yake.

Mkuu wa chuo, mama aliyevaa miwani kwa kamba shingoni, alikiangalia kwa makini. Aliuliza kama dhamana ya mdoli imeisha muda. Kisha aliita fundi wa vifaa. Fundi akaja na bisibisi, akagonga kifua, akafuata nyaya moja moja, akainama na kunusa.

"Pampu nzima," alisema. "Nyaya nzima. Hiki si cha fundi, mama. Hiki ni cha nesi."

Walitazamana. Jengo zima lilikuwa limejaa manesi, na wengine wengi walikuwa njiani kuwa manesi, na mmoja baada ya mwingine waliangalia pembeni.

"Wakaguzi wanakuja wiki ijayo," alisema mkuu wa chuo. "Mtandikieni shuka safi."

Kuanzia hapo kidonda kiliingizwa kwenye mafunzo. Kila mwanafunzi aliyepita alisimama kando ya kitanda na kusema, "Nimesafisha kidonda kwa maji ya chumvi. Nimekifunga kwa bandeji safi." Kidonda, kwa kuwa hakikuwa na masikio, kiliendelea kukua.

Ilikuwa wiki hiyo hiyo mama yake Mkufunzi alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Alilazwa kwenye hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na chuo, na Mkufunzi aliona ni bahati. Wodi ile nzima ilikuwa ya wanafunzi wake. Alipita kwenye korido na mkoba wake kwapani, huku anaamkiwa kushoto na kulia, na kichwa kikamvimba kidogo, si sana.

Mama alikuwa amelala chali, mguu umewekwa vyuma. Kando yake alikaa dada yake Mkufunzi, mkubwa wake, mshona nguo, mwanamke aliyezoea kusema akiwa na pini mdomoni na hivyo hakupoteza maneno. Yeye ndiye aliyemwita Mkufunzi Profesa, na hakuwa anamtukuza.

Nesi aliingia, msichana aliyemaliza chuo akiwa wa kwanza darasani. "Shikamoo, Mkufunzi," alisema, kisha akasimama miguuni pa kitanda, akafumbata mikono nyuma. "Nimenawa mikono. Nimevaa glavu. Nimejitambulisha. Nimefunga pazia. Nimeomba ridhaa. Nimemgeuza mama ubavu wa kulia, nimekagua ngozi, nimeweka mto. Ugua pole, mama." Akaenda kitanda cha pili.

Kitu cha kwanza alichohisi Mkufunzi kilikuwa furaha. Hakukosea hata hatua moja. Hata pazia alilikumbuka kabla ya ridhaa, na wengi hukosea hapo.

"Amemgeuza saa ngapi?" aliuliza dada yake.

"Hapo hapo. Si umesikia?"

Dada alimtazama kama anavyotazama mtu aliyemletea kitambaa pungufu akaagiza suti. Mama alikuwa bado yu chali.

"Hawa watoto wana adabu sana, mwanangu," alisema mama. "Wananiambia kila kitu. Jana wameniambia nimeoga."

Dada aliinuka, akafunua shuka, akapenyeza mkono chini ya mama na kumwinua upande kidogo tu, kadiri alivyoweza. Akamwonyesha Mkufunzi kwa kidevu. Mwisho wa uti wa mgongo palikuwa pekundu, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Mkufunzi alipajua. Alipaona juzi kwenye plastiki, pakiwa pameshafika mbali. Moyo ulimpasuka, na safari hii hakukuwa na kipaza sauti cha kuupitishia.

"Peke yangu siwezi," alisema dada. "Mguu una vyuma, kumgeuza kunataka watu wawili, mmoja awe anajua. Anayejua ni wewe, Profesa."

"Nitakuja kumgeuza."

"Utakuja wapi? Si umeshakuja?"

Mkufunzi alisema kazi kama hiyo inahitaji matayarisho. Alikuwa anasema kweli. Alikuwa amesahau mkono unaanzia wapi. Tangu apewe kile kijichumba cha kioo hakuwa amemshika mgonjwa hata mmoja, na kumsukuma Mzee Mpira kifudifudi hakukuhesabika, kwani alimsukuma kama mtu anayehamisha kabati. Aliaga akavuka barabara huku anatazama viganja vyake. Vilikuwa laini, vya mtu wa chaki.

Siku zile za kungoja wakaguzi alibaki chuoni kila alasiri baada ya vipindi. Alifunga mlango, akajaza ndoo maji kwenye bomba la bustani, akanawa. Kisha akamwendea Mzee Mpira na kusema ukweli.

"Nataka kujifunza kugeuza."

"Nilidhani unafundisha," alisema Mzee Mpira.

"Nafundisha kusema."

"Hilo nimelisikia." Hakuwa na kinyongo. "Haya, shika. Hapana, hapo unanivuta ngozi. Mkono mmoja begani, mmoja nyongani. Nivutie kwako, usinisukume kama gunia la mkaa. Na uniambie kabla hujanigusa, lakini ukishaniambia, niguse."

Mkufunzi alimgeuza kushoto. Alimgeuza kulia. Alitoka jasho, akamdondosha mara moja, akaomba radhi, akaanza tena. Alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyokuwa maji na chumvi. Mzee Mpira aliguna, na Mkufunzi, ambaye alikuwa mtaalamu, alitambua kwamba ule ulikuwa mguno wa nafuu, ambao hakuwahi kuubuni kwa sababu haukuwa kwenye mtaala. Kabla wiki haijaisha kidonda kilikuwa kimekauka pembeni.

"Sasa mimi naendelea vizuri," alisema Mzee Mpira. "Kamgeuze mama yako. Mimi plastiki, naweza kungoja."

"Baada ya ukaguzi," alisema Mkufunzi. "Nataka kwanza nirekebishe mambo hapa. Kwenye ukaguzi wanafunzi watatenda kwa mikono. Nikishawarekebisha wao, na wodi itarekebika."

Mzee Mpira alikuwa amelala kwa ubavu, akitazama ukuta, na alionekana kuufurahia kwa kuwa hakuwa ameuona kabla ya wiki hiyo.

Wakaguzi walifika wakiwa wamevaa suti, wakapewa viti vya wageni na maji ya chupa. Mlangoni Mkufunzi alimnong'oneza mwanafunzi wa kwanza, "Leo hatusemi. Leo tunatenda." Msichana wa watu aliitoa mikono nyuma ya mgongo na kuitazama kama vitu vya kuazima. Alikwenda kwenye bomba, akalifungua, likakohoa. Alikwenda kwenye kabati la glavu, limefungwa, na mwenye ufunguo alikuwa harusini. Alirudi kitandani, akamshika Mzee Mpira kiwiko, akakiachia, akamshika goti. Kisha akageuka kukitazama kile kioo cheusi, na macho yake yalikuwa yanaomba msaada.

Mkaguzi mkuu aliangalia saa. Mkuu wa chuo akakohoa, kisha akakohoa tena kwa namna ambayo Mkufunzi aliijua. Mkufunzi alikuwa amesharudi nyuma ya kioo. Alijiambia ajikaze. Alijiambia asubiri kidogo tu, msichana atakumbuka, mkono utapata njia wenyewe. Alijiambia hayo yote huku mdomo wake ukiwa tayari kwenye kipaza sauti.

"Sema tu," alisema. "Tutaelewana."

Msichana alishusha pumzi. Mikono ikarudi nyuma ya mgongo, mahali ilipopazoea, na maneno yakamtoka bila kukwama. "Nimenawa mikono. Nimevaa glavu. Nimejitambulisha. Nimefunga pazia. Nimeomba ridhaa. Nimemgeuza mgonjwa ubavu wa kushoto."

"Hajanigeuza," alisema Mzee Mpira kwa sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma. "Hawa wote hawajawahi kunigeuza. Nina kidonda, kitazameni."

Wakaguzi waliacha kuandika. Mkaguzi mkuu alitabasamu, akamgeukia mkuu wa chuo.

"Mgonjwa anayelalamika," alisema. "Hii ndiyo hali halisi ya wodini. Vyuo vingine tunakuta mdoli amelala tu. Sauti hiyo ni ya nani?"

Watu wote wakakigeukia kioo. Mkufunzi alikuwa na nafasi ya kusema jambo, na alilijua ni jambo gani, na lilikuwa fupi.

"Ni yangu," alisema.

Walipiga makofi. Mzee Mpira alifumba macho, ingawa hakuna aliyebonyeza kitufe, na tangu hapo hakumsemesha tena Mkufunzi. Mkufunzi alijieleza kwake alasiri mbili, kuhusu mazingira ya kazi na mkuu wa chuo na harusi ya mwenye ufunguo, lakini ni kama alikuwa anazungumza na plastiki.

Chuo kilipewa cheti cha ubora na kuahidiwa mdoli wa pili. Kwa upande wa kidonda, ambacho kilianza kufunguka tena, mkuu wa chuo alitumia busara. Alisema chuo si hospitali, na mgonjwa apelekwe hospitali. Basi Mzee Mpira aliwekwa kwenye kiti cha magurudumu, shuka magotini, akavushwa barabara. Magari yalisimama. Mpita njia mmoja alimwambia, "Pole, mzee," naye akaitikia, "Nimeshapoa."

Mapokezi waliuliza ni wodi gani. Wodi ya wanaume ilikuwa imejaa. Karani alifunua shuka kuangalia, na kwa kuwa siku hiyo ilikuwa Ijumaa na hakuna aliyekumbuka kurudisha kiungo cha Mzee Mpira kilichobanduliwa Alhamisi, alimpeleka wodi ya wanawake. Mkufunzi alijaribu kueleza kwamba kiungo kipo, ila kiko kabatini. Karani alimwambia akilete, apange foleni. Ndivyo Mzee Mpira alivyopewa kitanda kilicho jirani na cha mama yake Mkufunzi.

Wawili hao walipatana. Walilala chali, wakatazama dari moja, wakapiga soga za migongo. Mama alimpa nusu ya kila chungwa lililoletwa, akamwekea juu ya mto, na alipoona haliliwi alisema wagonjwa hupoteza hamu. Pale pekundu pa mgongo wa mama palikuwa pamefunguka. Dada alimpigia Mkufunzi simu akamwambia hivyo bila kuongeza neno, kisha akakata.

Mkufunzi alikuja jioni hiyo, saa ya kuona wagonjwa. Alikuwa amepunguza kucha. Mkoba aliuacha nyumbani. Alinawa kwenye ndoo ya mlangoni, mpaka kwenye viwiko, akaenda moja kwa moja kitandani, na dada yake alipomwona mikono inadondosha maji hakusema Profesa.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja. Wewe shika nyonga na huo mguu wenye vyuma. Mimi nashika bega na kiuno. Mama, tunakugeuza ubavu wa kushoto, sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Dada aliinama akapenyeza mikono yake miwili. Mkufunzi akaweka mkono mmoja begani pa mama. Bega lilikuwa dogo kuliko alivyolikumbuka, na lilikuwa na joto, tofauti na lile alilojifunzia. Alihisi angeweza kulia, na akaona si vibaya.

"Mkufunzi anafanya," alisema mtu nyuma yake.

Alikuwa yule nesi aliyemaliza wa kwanza. Aliwaita wenzake, wakaja, watatu, watano, wodi nzima, wakajipanga miguuni pa kitanda, mikono nyuma ya mgongo, shingo zimenyooshwa. Walikuwa na furaha ya kweli. Wengi wao walikuwa wamemsikia tu, tangu enzi za kioo, hawajawahi kumwona akitenda.

Mkufunzi aliwatazama. Akimgeuza mama mbele yao, kwa mikono, kwa jasho, kwa kuhema, atakuwa amewaambia wote kwamba kile alichowafundisha kilikuwa hewa, na wao wataanza kuhesabu vitanda walivyovipita. Haya ilimshika, ikaanzia masikioni ikashuka. Alijaribu kuvuta bega kwake kama alivyoelekezwa. Mkono haukuvuta. Ulitoka begani wenyewe, polepole, ukaungana na mwenzake nyuma ya mgongo.

"Nimemgeuza mama ubavu wa kushoto," alisema kwa sauti ya kufika nyuma. "Nimekagua ngozi. Nimeweka mto."

Manesi waliitikia kwa vichwa. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba utamu wa jambo ni kulisikia kwa mwenyewe. Kisha wakatawanyika kwenye vitanda vyao, na wodi nzima ikajaa sauti za upole za watu wanaogeuzwa, wanaooshwa na kufungwa vidonda.

Dada alikuwa bado ameinama, mikono yake iko chini ya nyonga ya mama. "Wameondoka," alisema. "Haya, vuta."

"Si umesikia?" alisema Mkufunzi, na kwa kweli hata yeye mwenyewe alikuwa amesikia.

Mama, yu chali, macho kwenye dari, alisema, "Asante, mwanangu." Kisha akamwambia jirani yake kwa fahari iliyomjaa kifua, "Huyo ndiye mwanangu niliyekwambia. Hawa wote kawafundisha yeye."

"Najua," alisema Mzee Mpira. "Sauti naijua."

Kengele ya kuwaondoa wageni ikalia. Mkufunzi alimbusu mama yake kwenye paji la uso, akaenda zake. Dada hakuinuka mara moja, kwa kuwa alikuwa bado anangoja mtu wa pili.